Miaka Niliyomshikia Mwenzangu Mpira

Katika timu ya futiboli ya Kimarekani kuna watu watatu ambao jezi zao huzikuti dukani: anayerusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, anayeudaka akiwa amepiga goti na kuusimamisha chini, na anayekuja kuupiga kwa mguu upite kati ya nguzo. Huyo wa tatu akipatia, mtangazaji humtaja mara moja kisha yanaingia matangazo ya biashara. Wale wawili wa kwanza hutajwa siku wakiharibu. Mimi niliingia chuoni nikitaka kuwa huyo wa tatu, na sehemu kubwa ya miaka yangu pale niliimaliza nikiwa wa pili, goti chini, nikimshikia mtu mwingine.

Vijana wa jamii yetu waliokuja Marekani wakiwa wadogo huniuliza mengi kuhusu michezo ya chuo: mazoezi, pesa, jinsi ya kuonwa na makocha. Wazazi wao huniuliza jambo moja tu, mtoto akienda huko atabaki na Mungu? Nimejaribu kuwajibu watu kwa simu na nje ya kanisa, na kila mara jibu hukatika katikati. Hapa nitalimaliza.

Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya 1996, mwaka huohuo kambi ilipofunguliwa, na mimi nikazaliwa humo. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyosokotwa na kufungwa kwa kamba, na tuliupiga peku. Sisemi hivyo nionewe huruma. Mpira wa namna ile haudundi, kwa hiyo ukitaka ufike mbali ni lazima uupige kwa chini, kwa ile sehemu ya mguu ambapo kamba za kiatu hufungwa, kisha mwili wote uufuate. Watu wa Marekani hulipa kocha ili mtoto wao ajifunze hilo.

Tulipelekwa Marekani, jimbo la Iowa. Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, na mama akawa anasafisha vyumba hotelini. Kule soka ya wavulana wa sekondari huchezwa majira ya kuchipua, na futiboli yao huchezwa kuanzia mwisho wa Agosti, kwa hiyo mtoto anaweza kucheza yote mawili. Kocha wa futiboli alinikuta uwanjani nikipiga mipira peke yangu, akanipa ule wao wenye ncha mbili, akaniambia nijaribu. Uzito wake haupishani sana na wa soka: wa kwao ni kama gramu 400 hadi 425, wa soka gramu 410 hadi 450. Kinachosumbua ni umbo. Ukiukosea kidogo tu unaondoka kama kuku aliyeponea kisu.

Kocha yule ndiye aliyenisimulia habari za Pete Gogolak. Familia yake ilikimbia Hungaria baada ya maasi ya 1956, ikahamia jimbo la New York, na kijana akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Cornell. Enzi hizo wapigaji wa Marekani waliujia mpira moja kwa moja na kuuchoma kwa kidole cha mguu. Gogolak aliujia kutoka pembeni, kama mchezaji wa soka, watu wakamcheka. Mwaka 1964 Buffalo Bills wakamchukua, akawa wa kwanza kupiga hivyo katika ligi ya kulipwa. Leo karibu kila mpigaji unayemwona kwenye televisheni hupiga kama yule mtoto wa wakimbizi. Kwa umri wangu wa wakati ule habari hiyo ilinitosha kabisa. Niliiona kama ahadi.

Sekondari mambo yalikwenda vizuri. Nguzo za sekondari zimeachana kwa mita 7.1 hivi, karibu sawa na goli la soka ambalo lina mita 7.32, na mpira unaruhusiwa kuwekwa juu ya kibao kidogo cha plastiki kinachouinua. Chuoni nguzo zinabanwa hadi mita 5.64, na kile kibao NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, walikipiga marufuku tangu 1989. Unapiga kutoka chini kwenye nyasi. Yesu alisema mlango uelekeao uzimani ni mwembamba. NCAA wao wameutolea vipimo.

Chuo changu kilikuwa cha Daraja la Pili katika ngazi za NCAA. Wengi hawajui pesa zinavyokwenda huko, kwa hiyo nilieleze hili polepole kidogo. Timu ya futiboli ya daraja hilo inaruhusiwa ufadhili unaolingana na wanafunzi 36 tu waliolipiwa kila kitu, na timu inaweza kuwa na vijana zaidi ya mia. Kocha huukata ule ufadhili vipande vipande: huyu nusu, huyu robo, huyu vitabu. Aliyejileta mwenyewe bila kuitwa hapewi kitu. Mimi nilijileta. Ada yangu ilitoka kwenye msaada wa serikali unaoitwa Pell, mkopo, na kazi ya kuosha vyombo kwenye bwalo.

Baba alipoelezwa aliuliza, "Wanakulipa?"

"Hapana, baba."

"Wanakulipia shule?"

"Bado."

"Kwa hiyo wanakuangusha bure."

Mama yeye hakuwa na habari ya pesa. Alikuwa ameona kwenye televisheni vijana wakigongana vichwa, akataka kujua kama mimi nami nitagongwa. Nikamwambia mpigaji hagongwi sana, sheria inamlinda. Akasema, "Sana?" Jioni ile kabla sijaondoka baba, ambaye ni mzee wa kanisa, aliniketisha kitini, akaushika mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili akauombea. Aliomba muda mrefu. Aliuombea usipotee njia.

Mwaka wa kwanza sikucheza hata mchezo mmoja, nao haukuhesabiwa. Kanuni ya daraja lile inakupa mihula kumi ya masomo ya kutumia misimu minne, hivyo kocha humweka mgeni pembeni akomae. Majira ya baridi tulikuwa tunanyanyua vyuma kabla hakujapambazuka. Msimu ukianza, NCAA inaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini saa hizo hazihesabu kutembea kwenye theluji kwenda kliniki ya timu, wala kuangalia video usiku kwa hiari yako. Na mpigaji ni mpweke. Wenzako mia wanafanya mazoezi pamoja, wanapigiana kelele, wanachekana. Wewe uko uwanja wa pembeni na watu wawili watatu. Mguu nao hauwezi kupiga kutwa nzima. Ukishapiga ya siku hiyo, unasimama. Mawazo huja wakati huo.

Mwaka wa pili kocha wa wapigaji alinikuta nimesimama hivyo. Mpigaji wa kwanza wa timu alikuwa kijana mkubwa kuliko mimi kwa miaka miwili, mtulivu, mguu wake mzuri sana. Aliyekuwa akimshikia mpira ni kwotabeki wa akiba, yaani wa nafasi ya yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na huyo alikuwa na mazoezi yake mengine. Kocha akataka mtu aliyepo muda wote. Akaniambia nipige goti.

Kazi yenyewe ni hii. Mrushaji yuko yadi saba mbele yako, ameinama. Unanyoosha mikono. Mpira unakuja kwa kasi, unazunguka. Unaudaka, unaushusha hadi kwenye alama uliyoichagua kwenye nyasi, unauinamisha kidogo kama mwenzako anavyopenda, na kwa kidole cha mkono mwingine unauzungusha ili zile kamba zake ziangalie nguzo. Mguu ukikutana na kamba, mpira unapinda. Tangu mpira uondoke kwa mrushaji mpaka uguswe na kiatu, inatakiwa iwe kama sekunde 1.3. Ukichelewa, majitu ya upande wa pili yameshafika. Na jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba mshikaji anatakiwa kuangalia ile alama chini mpaka mpira uondoke. Ukiinua kichwa mapema, mkono unasogea. Kama goli limeingia au la, mara nyingi nilijua kwa kelele za watu.

Sasa fikiria uko hapo kwa ajili ya yule aliyekaa kwenye kiti ulichokiomba.

Nyumbani kanisa letu la Waswahili lilikuwa linaazima jengo la Wamarekani Jumapili saa tisa alasiri, wenyewe wakishamaliza. Ibada ilikwenda hadi usiku: kwaya tatu, nyimbo za Kibembe katikati, mahubiri, kisha ushuhuda. Na ushuhuda kwetu una kanuni ambayo haijaandikwa popote. Unaanza na shida, unapita kwenye maombi, unaishia na ushindi, watu wanapiga vigelegele. Aliyepata makaratasi anashuhudia. Aliyepona anashuhudia. Kila niliporudi likizo, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono na kuniambia, "Kichwa, si mkia!" Ni neno la Kumbukumbu la Torati sura ya 28, na sisi tunalipenda mno. Nilikuwa namwitikia "Amina, mama," huku nikijua vizuri kwamba kwenye orodha ya timu, ile iliyobandikwa ukutani, jina langu liko mkiani.

Nina neno kuhusu hilo, na wachungaji wanisamehe. Tunamfundisha kijana jinsi ya kumshukuru Mungu akiwa kichwa. Hatumfundishi aishije na Mungu yule yule akiwa mkia, tena mkia anayefunga na kuomba, asiye na dhambi fulani ya siri inayoeleza kwa nini hajainuliwa. Basi kijana huyo anabaki na njia mbili, ama adanganye kwenye ushuhuda, ama aache kuja. Nimewaona wa aina zote mbili.

Wamarekani nao wana aya yao. Ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Utaikuta kwenye viatu, kwenye plasta za mkononi, kwenye kuta za vyumba vya vyuma. Tim Tebow wa Chuo Kikuu cha Florida aliiandika chini ya macho yake, kwenye ile rangi nyeusi ya kuzuia mwanga, msimu wa 2008. Kwenye fainali ya Januari 2009 akabadilisha akaandika Yohana 3:16, na mamilioni ya watu wakaenda kuitafuta kwenye intaneti usiku huo. Mwaka uliofuata NCAA wakakataza kuandika chochote hapo. Mimi sina ugomvi na Tebow. Kama watu walifungua Biblia, vyema.

Lakini ilitokea hivi. Chuoni kulikuwa na kikundi cha Alhamisi usiku, cha Ushirika wa Wanamichezo Wakristo, chama kilichoanzishwa 1954 na ambacho kina matawi katika vyuo vingi vya kule. Aliyekiongoza kwetu alikuwa mzee wa kujitolea, fundi wa mabomba, hakuwahi kucheza mpira. Usiku mmoja alitwambia tusome Wafilipi 4 lakini tuanzie aya ya 10. Wenzangu wakasoma kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na Biblia ndogo ya Kiswahili aliyonipa baba. Paulo yuko kifungoni. Anawashukuru watu kwa msaada walioutuma, halafu anasema, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Anajua kushiba na kuona njaa, anajua kuwa na vingi na kupungukiwa. Ndipo inakuja ile tunayoibandika ukutani. Mzee akauliza kama kuna mahali katika aya zile Paulo anasema atatoka gerezani. Tukatazama. Hapakuwa. Akafunga Biblia, akatugawia pizza.

Sikubadilika usiku ule. Nilirudi bwenini nimekasirika, kwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeizoea ile aya ikiwa upande wangu.

Kilichonibadilisha ni kazi yenyewe, na kilikuja polepole. Mpigaji akikosa, mtu aliye karibu naye kuliko wote ni mshikaji. Kocha yuko mbali, mashabiki wako mbali, na wachezaji wengine hugeuza uso wasije wakamwangalia. Wewe uko pale chini ya miguu yake. Siku moja mwenzangu alikosa mpira wa mwisho ugenini, tukapoteza kwa pointi moja. Tulitembea wote wawili kuelekea pembeni, uwanja mzima, na sikupata la kusema. Kwenye basi alikuja kukaa kando yangu. Hakuwa mtu wa dini. Akasema, "Wewe huwa unaomba, sivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi uniombee, lakini usinisomee kitu."

Tangu siku ile, kabla sijanyoosha mikono kumwonyesha mrushaji kwamba tuko tayari, nilikuwa nainua macho na kumwambia mwenzangu neno moja la Kiswahili: "Tulia." Alikuwa anatikisa kichwa. Timu pinzani zilipoomba muda makusudi ili kumvuruga, mbinu ambayo kila kocha anaitumia, tulisimama tukazungumza habari za chakula. Nilimweleza ndagala, nikamweleza sombe. Mrushaji wetu, mtoto wa wakulima wa mahindi, akaanza naye kusema "tulia" kwa lafudhi ambayo ingemwua mama kwa kicheko. Na maombi yangu yakabadilika bila mimi kupanga. Niliacha kuuombea mpira. Mpira unafuata mguu na upepo. Nikawa nawaombea hao wawili kwa majina, na mikono yangu isitetemeke.

Mwenzangu akahitimu. Niliamini, na kila mtu kanisani aliamini, kwamba sasa ni zamu yangu. Majira yale ya joto nilipiga mipira kuliko wakati wowote, kwenye uwanja wa shule karibu na nyumbani, wadogo zangu wakiniokotea.

Lakini tangu Oktoba 2018 NCAA ina mfumo wa mtandaoni wa uhamisho: mchezaji anayetaka kuhama anaingizwa jina lake humo, na makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumfuata. Kocha wangu alikwenda humo akamchukua mpigaji kutoka chuo kikubwa zaidi, aliyechoka kukaa benchi. Kabla mazoezi ya Agosti hayajaanza aliniita ofisini. Hakunizungusha, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema mguu wa yule unafika mbali kuliko wangu, na kwamba mimi ndiye mshikaji bora aliyewahi kuwa naye. Nilimshukuru. Nikatoka nikaendesha gari hadi nyumbani, nikamkuta baba ametoka zamu, anakula.

Nilimwambia ninaacha. Alimaliza kula kwanza, akanawa. Halafu akaanza kuniambia habari za Nyarugusu, nami nilidhani anabadilisha mazungumzo.

Kule kambini, watu walioitwa kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, majina yao yalibandikwa kwenye mbao za matangazo. Nilikuwa mdogo, nazikumbuka tu zile mbao na watu waliosongamana mbele yake. Baba alisema alikwenda kusoma ubao ule miaka na miaka. Familia zilizoingia kambini baada yetu ziliitwa. Faili letu lilisimama, likaenda, likasimama tena, hakuna aliyeeleza kwa nini. Alisema kila basi lilipoondoka kulikuwa na mtu wa kanisa letu ndani yake, na yeye kama mzee wa kanisa ndiye aliyebeba mizigo yao hadi kituoni na kuwaombea safari. Kisha akarudi kufundisha darasa la ubatizo.

"Mama yako alikuwa ananiuliza," akasema, "unawezaje kuwabebea mizigo hawa? Mimi nikamwambia, nisipowabebea, ubao utaandika jina langu?"

Nikamwuliza kama hakuwa na hasira.

"Nilikuwa nayo nyingi. Lakini Jumapili sikuwa nakwenda kanisani kwa ajili ya ubao."

Akaenda kulala, kwa sababu usiku alikuwa na zamu. Hakuniambia niache wala niendelee. Nilirudi chuoni Jumatatu.

Mpigaji mpya alitaka mpira umwinamie zaidi kushoto kuliko yule wa kwanza, na hakupenda kuzungumza kabisa, kwa hiyo ndagala hakuzisikia. "Tulia" aliikubali. Katikati ya Oktoba alivutika msuli wa nyonga, na kocha akanigeukia. Tatizo likawa nani anishikie mimi! Tulimpa kwotabeki wa mwaka wa kwanza, nikakaa naye kila siku baada ya mazoezi kumfundisha alichopaswa kufanya na vidole vyake. Nadhani mimi ndiye mpigaji pekee katika ligi yetu aliyekuwa na wasiwasi zaidi juu ya kushikiwa kuliko juu ya kupiga.

Nilipiga michezo kadhaa. Niliingiza mingi ya karibu, wa yadi 41 ukachukuliwa na upepo kulia. Novemba baba alibadilishana zamu na mwenzake akaja kunitazama kwa mara ya kwanza, amevaa koti mbili na blanketi la mama juu yake. Dakika za mwisho tulikuwa sare, tukafika mahali pa kupiga, yadi 38. Wapinzani wakaomba muda. Nikamwangalia yule kijana wa mwaka wa kwanza, akaniambia, "Tulia." Nikacheka, nikapiga, ukapita katikati.

Sasa kama ningekuwa natoa ushuhuda ningeishia hapo, vigelegele vikalia. Ila saa ilikuwa bado na dakika mbili. Wapinzani waliupokea mpira, wakatembea uwanja mzima, wakafunga tachidauni sekunde za mwisho, yaani wakaufikisha mpira mwisho wa uwanja, na hiyo ina pointi nyingi kuliko ule niliopiga. Tukapoteza.

Baada ya mchezo wachezaji wa timu zote mbili wanaotaka hukutana katikati ya uwanja, hupiga magoti pamoja na mtu mmoja huomba. Ni desturi ya vyuo vingi kule. Siku ile aliyeomba alikuwa wa upande wao, aliyefunga ile tachidauni, naye bega lake lilikuwa kwenye bega langu. Alimshukuru Mungu kwa kutulinda wote tusiumie. Hakutaja ushindi. Nimewasikia wengi wakimshukuru Mungu kwenye kamera kwa kuwapa mchezo, na sikuzote nimejiuliza wale wa upande wa pili, walioomba chumba cha pili kwa machozi yaleyale, waambiwe nini. Yule kijana alikuwa amelifikiria hilo kabla yangu.

Baba aliniuliza tukiwa garini, "Mbona wanasimama kila dakika? Mchezo gani huu?" Kisha akauliza kama ule mguu unauma. Nikamwambia hauumi.

Michezo miwili ya mwisho mpigaji wetu alikuwa amepona, nikarudi kwenye goti. Mwaka wangu wa mwisho wote nilishika. Walinipa kipande cha ufadhili, vitabu na chakula, na nikaacha kuosha vyombo. Kanisani hawakuniita kushuhudia, na sikuomba kuitwa.

Kuhusu swali la wazazi, nitasema lile ambalo lingenisaidia mimi. Michezo huwa Jumamosi. Ukicheza ugenini unarudi bwenini alfajiri ya Jumapili, umevunjika mwili, na kanisa la saa mbili asubuhi utalikosa mara ya kwanza, mara ya pili, kisha hutakumbuka kwamba unalikosa. Mimi niliokolewa na ibada ya saa tisa alasiri na chuo kilichokuwa mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Kwa hiyo kabla mtoto hajachagua chuo, mkiwa mnahesabu ufadhili, hesabuni na maili. Ulizeni kama kuna kikundi cha wiki na anayekiongoza ni nani. Na mwulizeni kocha waziwazi ana wapigaji wangapi, au walinzi wangapi, wa mwaka gani. Watajibu. Kutomwuliza kocha kwa sababu ya adabu ni jambo letu sisi, wao halimo akilini mwao.

Na msimwambie mtoto kwamba Mungu amemwahidi nafasi ya kwanza. Hamjui. Akiikosa atadhani mmoja wenu alidanganya, na hatadhani ni nyinyi.

Siku hizi nafanya kazi ya ukalimani hospitalini, na Jumamosi asubuhi, msimu wa soka ukiisha, nawafundisha vijana wa kanisani kupiga. Mmoja wao yuko sekondari, ana mguu kuliko wangu, anapiga yadi 50 kutoka kwenye kile kibao. Wiki iliyopita nilikiondoa nikakitia mfukoni. Alilalamika kwamba sheria ya sekondari inakiruhusu. Nikamwambia ndiyo, inakiruhusu. Akapiga kutoka kwenye nyasi, ikaenda ovyo, akapiga tena. Halafu nikamwambia apumzishe mguu, apige goti amshikie mdogo wake. Akasema yeye si mshikaji, ni mpigaji.

"Najua," nikamwambia. "Mkono wa kushoto mbele, unyooshe vidole."